Picha Isiyo na Kichwa

Al Khoudh, Maskati
9 Machi 2006

Shangazi yangu Bi Mahfoudha,

Nakubusu mkono na kichwa, na nawasalimu wote waliopo hapo Vuga, kuanzia mwanao Muhsina na mumewe mpaka yule paka wako asiyependa wageni. Sisi huku wazima. Mgongo wa Baba umetulia kidogo. Mama anasema bizari uliyotuma imekwisha na ya dukani hapa haina ladha, kwa hiyo akipatikana mtu anayekuja, usituonee haya. Ruba naye hajambo. Tangu babake, Ammi Amur, alipomleta kwetu kutoka Suhar ili awe karibu na chuo tunalala chumba kimoja, na sasa naona nimepata mdogo wa kike ukubwani. Anasoma mpaka usingizi unamkuta na kitabu kifuani.

Mimi ndiyo hivyo, mke wa mtu kwa jina. Tangu milka ya Disemba, tulipofungishwa ndoa, kila mtu ananiuliza mume wangu Azzam hajambo, nami bado nnalala na binamu yangu. Arusi wanasema baada ya Idi ya kufungua, na Baba keshasema hakuna wa kuleta singo ya kunisugua mwili ila wewe, na hakuna wa kunitoa chumbani ila wewe. Watu wa ofisini wananicheka kwamba nnaandika barua zama hizi za simu. Nawaambia shangazi yangu alinilea hivyo, alisema nisipomwandikia kwa Kiswahili nitakuja kuzungumza kama mtangazaji wa redio.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Alkhamisi iliyopita tulikwenda na Mama kwenye hina ya jamaa zao Azzam, Sidab. Mlangoni waliweka mama mwenye kapu, kila aingiaye anatoa simu, maana ndani wanawake wako vichwa wazi na siku hizi simu zina macho. Msichana mmoja akaificha yake. Katikati ya ngoma nikaona wanajikusanya pembeni na kucheka, nami nikavutwa mkono nikatazame. Ilikuwa picha ya mwanamke aliyejifunga kanga kifuani, mabega wazi, maji ya kuoga hayajamkauka. Kichwa hakimo, kimekatwa shingoni. Picha inaruka simu hii kwenda ile kwa hiyo blututhi yao, bila ya waya, na hakuna anayekubali kwamba ilianzia kwake.

Kanga ile naijua, Shangazi, na wewe ungeijua. Ni sare ya arusi ya Muhsina, ile ya kahawia yenye korosho nyeupe uliyotugaia sote. Sasa watu wanasema ni mmoja wetu. Kanga zile uliwapa nani wengine? Mwenye duka hakubaki nazo akauza nje? Nijibu upesi, maana Mama hali chakula vizuri tangu siku ile.

Mwanao,
Kawthar

*

Vuga, Unguja
28 Machi 2006

Mwanangu Kawthar,

Barua yako imeletwa na Bi Mahbuba pamoja na halua, na halua nimeila kabla ya kuifungua barua, Mungu anisamehe. Sisi wazima. Mvua zimeanza na paa linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana, na fundi ni yule yule. Muhsina ana mimba lakini usiseme bado. Kiswahili chako kizuri, ila naona kimeanza kuvaa dishdasha ya Kiarabu. "Nawasalimu wote waliopo" ni maneno ya waziri anapofungua skuli.

Kanga zile ziliagizwa kwa ajili yetu, na nilikaa juu ya kichwa cha mwenye duka mpaka ya mwisho ikaingia mfukoni mwangu. Nje ya ukoo hazikutoka. Basi huyo ni wetu, na nisikufiche, moyo umeniruka. Msichana gani huyo asiye na haya wala akili? Kujivua mwenyewe, kujipiga picha mwenyewe, kisha kukata kichwa adhani kajificha! Mwanamke akishajitoa thamani kwa mkono wake nani atamrudishia? Ningekuwa hapo ningempiga kofi moja asahau jina lake.

Nimefikiri ni nani. Wewe mke wa mtu, una akili zako. Muhsina yuko hapa. Watoto wa marehemu Bi Shawana wameshazaa. Sitaki kumsingizia mtu, lakini nani katika nyinyi mdogo, hana mume, anatoka asubuhi kwenda kuchanganyika na watu? Nimemwandikia babako leo leo, barua inakwenda kwa mkono wa Saud anayesafiri kesho. Nimemwambia amwangalie Ruba.

Mama mwambie ale. Bizari nimempa Saud.

Shangazi yako

*

Al Khoudh
30 Aprili 2006

Shangazi,

Salamu zako zimefika na bizari imefika. Baba hajambo, Mama hajambo. Huku joto limeanza, na tunashukuru.

Barua yako kwa Baba ilifika kabla ya hii yangu kuandikwa. Alimpigia simu Ammi Amur, naye akaja kutoka Suhar na mkewe Bi Khole jioni ile ile. Walimuuliza Ruba, "Ni wewe?" Akasema si yeye. Wakamuuliza, "Basi nani?" Akanyamaza. Walirudia swali hilo mpaka Bi Khole akaanza kulia, na Ruba hakufungua mdomo. Unatujua sisi, kwetu anayenyamaza amekiri.

Ammi Amur amemtoa chuo. Wamekubaliana aletwe kwako mwezi wa sita, akae huko mpaka watu wasahau.

Azzam alikuja kumwona Baba. Alisema amesikia maneno ya watu na amekuja kuyakata: mwanamke yule wa kwenye picha hamjui, ila anajua si mkewe, mkewe ni mtu wa heshima. Baba alifurahi mpaka akamshika mikono.

Mimi wakati Ruba anaulizwa nilikuwa jikoni.

Kawthar

*

Vuga, Unguja
11 Juni 2006

Kawthar mwanangu,

Natumai barua hii itakukuta na afya na ubaridi wa hiyo mashine yenu ya ukutani. Muhsina tumbo limemtoka, sasa hata ukisema si siri. Paa limezibwa. Paka kazaa kwenye sanduku la nguo zangu nzuri.

Ruba kafika. Nilikuwa nimejitayarisha kumpokea msichana mwenye macho makavu na mdomo mrefu, nikamkuta mtoto kakonda, begi lake limejaa vitabu vya chuo. Anaosha vyombo bila ya kuambiwa. Nikimwita anakuja. Nimemsema siku ya kwanza, nimemsema siku ya pili, na yeye anasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine. Nikamuuliza jambo moja tu, picha ile ulimpigia nani? Kanitazama, kaniambia, "Shangazi, unga wa maandazi uko wapi?" Nilitaka kukasirika, nikaona siwezi.

Sasa nakuja kwako. Barua yako ya Aprili nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Hukumtetea Ruba wala hukumlaumu. Wewe, ambaye ulipokuwa mdogo ulilia kutwa kwa sababu nilimfukuza paka! Na ile habari ya jikoni uliniandikia ya nini? Sikukuuliza ulikuwa wapi.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Sema.

Shangazi yako

*

Al Khoudh
2 Julai 2006

Shangazi yangu,

Wazima wote. Leo sina salamu ndefu, nisamehe. Hii nampa Bi Mahbuba mkononi mwake, na nimemwapisha asimpe mtu ila wewe.

Ni mimi.

Nimeharibu karatasi kadhaa kwa neno hilo. Sasa limetoka, na lililobaki nitalisema lote, maana nikisimama nitaichana na hii.

Azzam alianza kuomba picha wiki chache tu baada ya milka. Mwanzo kwa mzaha. Halafu akasema, mimi mumeo, kwa khutba na mashahidi, unanionea haya ya nini? Kweli ni mume wangu. Mnatufungisha ndoa, halafu mnatuambia tusubiri arusi, na hapo katikati tunakuwa halali kwa sheria na wageni kwa desturi, na hakuna aliyetufundisha tukae vipi. Nilipokataa hakugomba. Aliacha kunipigia simu tu. Nilikaa nayo mkononi ofisini, mezani, kitandani, nikajiona mimi ndiye mkosa, mke mwenye roho ngumu, na kwamba atakwenda kwa babake kusema hanitaki. Ingekuwa alinitukana ningejua la kufanya. Kule kunyamaza kwake kulinimaliza.

Basi siku Ruba alipokuwa chuoni nilitoka kuoga, nikasimama mbele ya kioo na simu. Nilikata kichwa. Nilijiona mjanja sana kwa hilo. Kanga haikunipitia akilini. Ni kitu cha nyumbani, mtu hakioni.

Na hili sijamwambia kiumbe. Nilipoitazama picha ile nilijipenda. Nna miaka ishirini na nne na sikuwahi kujitazama hivyo. Kwetu tunajifunika mpaka tunajisahau. Akajibu papo hapo, maneno matamu, nikalala huku nnacheka peke yangu. Hapo ndipo haya inaponichoma zaidi. Kama ningekuwa nimelazimishwa tu ningelia yakaisha. Lakini nilifurahi, Shangazi. Kila nikitaka kumkasirikia yeye, nafsi inaniuliza, na wewe si ulifurahi?

Alimwonyesha rafiki yake. Mmoja tu, ndivyo anavyosema, kama kwamba mmoja si mtu. Rafiki akaichukua. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia, "Nilijivuna na wewe. Na kwani kichwa kipo?" Halafu akaniambia nitulie, yeye atasema si mimi, nami niseme si mimi, na picha itabaki haina mwenyewe. "Ukisema ni wewe," akasema, "atakayeharibikiwa ni wewe. Mimi mwanamume."

Lakini haikubaki bila ya mwenyewe. Alipewa Ruba.

Ruba anajua. Siku ile alirudi mapema, akaikuta kanga mbichi kitandani na mimi na simu mkononi, nikaruka kama mwizi. Hakuuliza. Na jioni ile alipokuja Ammi Amur, walipomsimamisha pale ukumbini, mimi nilikuwa jikoni nnachambua mchele, kila neno nalisikia. Mchele ule nilikuwa nimeshauchambua. Niliurudia upya ili nisitoke.

Sasa mwanamume akipita ofisini na simu yake najivuta abaya begani, kama ananiona. Naoga nimefumba macho. Na barua yako ya Machi, ya kofi na thamani, naijua kwa moyo.

Niambie nifanye nini.

Kawthar

*

Vuga, Unguja
22 Julai 2006

Kawthar,

Naandika nimefunga mlango. Barua yako nimeitia motoni, na majivu nimeyamwaga mwenyewe.

Sina la kusema kuhusu ulilolifanya. Nilikuwa nalo, nililiandika Machi, na leo nikilisoma moyoni naona kama nimetema mate juu, yakanirudia usoni. Nimelia. Nimekukasirikia, nikakuonea huruma, nikakukasirikia tena. Kwa nini, mwanangu? Ungeniuliza. Kwani mimi kazi yangu ni nini?

Basi, maji yakimwagika hayazoleki. Sikiliza. Nyamaza. Jambo limekwisha kwenda kwa Ruba, na Ruba yuko mbali, na watu wa huko watapata jengine la kusema. Huyo Azzam ni mwanamume ovyo, lakini keshasema mbele ya babako kwamba si wewe. Mshike hapo hapo. Ukilivunja hili utarudi nyumbani kwa jina gani? Nani atabisha hodi? Ingia arusini, uzae, na kwa uwezo wa Mungu atatulia.

Ruba nitamtafutia mtu mwema hapa. Kuna mwalimu mmoja mjane, ana nyumba yake. Hatodhulumika.

Singo nimeshaanza kukusanya, mawaridi yanakauka juu. Usiandike habari hii tena.

Shangazi

*

Vuga, Unguja
25 Agosti 2006

Mwanangu,

Sijapata jibu lako. Kaja Bi Mahbuba mikono mitupu, kaja Saud, nimemuuliza mpaka kaona haya yeye. Muhsina kajifungua mtoto wa kiume, kichwa kikubwa kama cha babu yake. Nimempelekea babako habari kwa simu, najua mmesikia. Ulikuwapo nyumbani nilipopiga, nikasikia sauti yako kwa nyuma, na simu hukuitaka.

Nimestahiki.

Nikwambie yaliyotokea. Yule mwalimu mjane alikuja kunywa kahawa, nikamwambia Ruba avae vizuri alete sinia. Akavaa, akaleta, akaweka, akarudi jikoni. Mgeni alipoondoka nikamfuata. Nikamwambia, "Ruba, nnajua si wewe." Alikuwa anasugua sufuria, hakuacha. Nikamuuliza, "Na wewe ulijua ni nani?" Akasema alijua. "Mbona hukusema, mwanangu? Mbona uliacha wakutoe skuli?"

Akaniambia, "Ningesema, mngemfanyia yeye haya mnayonifanyia mimi."

Kawthar, nilikaa juu ya kile kibao cha mbuzi ya nazi. Mtoto huyu wa miaka ishirini katujua sote. Na mimi nani aliyenipa jina lake? Hakuna. Nilikaa huku mbali, picha sikuiona, nikatafuta aliye mdogo na asiye na mtetezi nikamtaja, kisha nikampelekea babako kwa mkono wa Saud, upesi, isichelewe. Halafu ulipofungua moyo wako nikakwambia nini? Unyamaze, useme si wewe. Niliporudia maneno yangu kichwani niliona ndiyo yale yale ya Azzam. Yeye anajisitiri mwenyewe, na mimi najisitiri mimi, na sote tunasema tunakusitiri wewe. Nimeona haya ambayo sijapata kuiona katika umri wangu.

Sasa mimi nnasema hivi. Singo sileti. Mawaridi nimemwogeshea mtoto wa Muhsina. Kwetu bibi arusi hatolewi chumbani mpaka shangazi mkubwa amshike mkono, na babako ada hiyo hatothubutu kuivunja hata kwa dawa. Nitamwandikia kwamba siji, magoti yananiuma. Atakasirika, ataahirisha, na wewe utapata pumzi bila ya kusema neno kwa mtu.

Lakini nisikudanganye tena. Magoti yangu yatakutoa wewe. Ruba hayamtoi.

Sikwambii useme. Niliwahi kukwambia la kufanya na uliona nilipokupeleka.

Shangazi yako anayekupenda

*

Al Khoudh
29 Septemba 2006

Shangazi yangu,

Ramadhani karimu kwako na kwa walio nawe, na huyo mgeni mwenye kichwa kikubwa Mungu amkuze. Baba amefunga, Mama amefunga. Nyumba imetulia, ila si utulivu ule uujuao.

Nisamehe kukaa kimya. Barua yako ya Julai niliiweka nikaitii, na kwa kuitii nikakuchukia. Ya Agosti ilipofika nilikuwa nimeshachaguliwa nguo ya arusi.

Baba alipopata habari ya magoti yako aliwaita watu wote Ijumaa moja kabla ya kuandama mwezi, baada ya chakula, ili waangalie tarehe nyingine. Walikuja Ammi Amur na Bi Khole. Walikuja Azzam na babake, Bwana Hamoud. Wanaume wakakaa majlisi ya wageni, sisi ndani, mlango wazi. Walizungumza tarehe, walizungumza ukumbi. Halafu Azzam akasema kwa adabu nyingi kwamba mamake ana ombi dogo: yule binti wa picha, hata akirudi kutoka Zanzibar, asihudhurie arusi. Nilimwona Ammi Amur akiinamisha kichwa. Akasema, "Mna haki."

Nikasimama mlangoni. Sijui nani aliyenisimamisha. Nikasema, "Picha ile ni yangu mimi. Ruba hana kosa."

Unajua nini kilitokea? Azzam hakubabaika hata kidogo. Alitabasamu, akamwambia Baba, "Unaona moyo wake? Anamsitiri binamu yake." Na wote wakashusha pumzi. Walitaka sana iwe hivyo. Bwana Hamoud akasema mashaallah. Na Ammi Amur, babake Ruba, Shangazi, akaniambia kwa sauti nyororo, "Mungu akulipe mwanangu, lakini usijibebeshe mzigo wa mwenzio."

Nilikuwa nimengoja miezi nipate ushujaa wa kusema, na nilipousema ukweli nikashukuriwa kwa uongo. Ningeweza kurudi ndani. Nakwambia bila ya kuficha, nilitamani kurudi ndani.

Una habari na kovu langu la begani, la birika ya kahawa iliyonimwagikia nilipokuwa mtoto. Kwenye picha linaonekana, mtu akitaka kulitazama. Nilimshika Bi Khole mkono nikamwingiza chumbani, na Mama akatufuata. Nikavua shela, nikashusha nguo begani, nikamwambia, "Tazama, Bi Khole."

Akatoa simu yake kwenye mkoba. Alikuwa nayo picha. Muda wote ule mama wa watu alikuwa anatembea nayo, akiifungua na kuitazama akidhani ni mwanawe. Akatazama simu, akatazama bega langu, akatazama simu. Mimi nilisimama. Niliona haya kuliko siku ile Sidab, maana safari hii nilikuwa na kichwa.

Mama ndiye aliyenifunika. Alichukua shela akanitupia begani, akasema, "Basi, Khole, usimtazame tena. Mimi nililiona siku ile ile kwenye hina."

Bi Khole alitoka akampelekea mumewe simu, akamwambia maneno mawili, "Si Ruba."

Mama alijua, Shangazi. Siku ya kwanza. Alinijua kwa kovu alilolipaka dawa yeye mwenyewe, akaacha kula, akamwacha Ruba aondoke. Kwa ajili yangu. Nikimtazama sijui nimbusu mkono au nimkimbie, na yeye hanitazami. Tunapika futari bega kwa bega na tunazungumza chumvi.

Baba alitoka akakaa ndani ya gari mpaka magharibi. Siku ya pili alimwambia Bwana Hamoud mwanawe atoe talaka, ama wakutane mahakamani na simu ya Bi Khole mezani. Azzam ametoa. Kabla ya kutoa alinipigia akaniuliza nimepata faida gani. Nikakata simu.

Usidhani haya imeniondoka. Ofisini wanajua. Nnaingia, wananyamaza, nnatoka, wanaanza. Kuna siku najuta kusema, na hilo pia naliona haya. Ila nimeacha kufumba macho nikioga.

Ammi Amur anatuma tiketi. Chuo wamesema Ruba ataweza kuanza tena muhula ujao, mwaka mmoja kapoteza. Msomee barua hii. Muulize kama ataweza kunisamehe, na atakalojibu liandike kama atakavyolisema, usilipunguze makali.

Kawthar

*

Vuga, Unguja
14 Oktoba 2006

Mwanangu Kawthar,

Tunafunga na tunafungua, alhamdulillahi. Naandika kwa haraka, Saud anaondoka.

Nimemsomea Ruba barua yako yote, pale pale jikoni. Nilipofika pa babake na "usijibebeshe mzigo" akaniomba nirudie, nikarudia. Nilipomaliza nikamwomba radhi kwanza mimi kwa upande wangu, maana mkosa wa mwanzo ni mimi. Akanishika bega, basi, akaendelea kukanda unga.

Baadaye nikamuuliza nikuandikie nini. Akasema, "Mwambie nitarudi, na kitanda changu asimpe mtu. Mwambie alilolifanya najua lilimgharimu, na mimi sina kinyongo naye." Nikafurahi, nikaanza kukunja karatasi. Akaniambia ngoja, bado. Akafuta unga mikononi, akateremsha nguo yake begani, mbele yangu, bega safi halina hata chunjua.

"Muulize," akasema, "muulize na mamake, Bi Zakiya, na Baba, na Mama aliyekuwa na picha mkobani. Siku ile mliponisimamisha ukumbini, mbona hakuna hata mmoja aliyetaka kuliona hili?"

Nimeliandika kama alivyolisema.

Shangazi yako,
Mahfoudha